Zimetosha

Mwaka jana, mkesha wa Krismasi, saa tatu usiku,
nililala mezani kwa mama mkwe,
paji la uso kwenye sahani ya samaki na kabichi.
Wanangu walicheka, kisha wakanyamaza.
Mke wangu alinipangusa unga masikioni
kama anayempangusa marehemu.

Hiyo ndiyo Krismasi niliyoileta nyumbani
kutoka tanuri la Bi Albertina, hapa Viseu,
mtaa wa mawe, mlango wa kijani,
ambako mikate ya mfalme huviringishwa pete,
hupambwa matunda ya sukari, mekundu na ya kijani,
na kila mteja anataka wake uwe wa moto,
uwe leo, uwe sasa.
Leandro aliungua mkono, akasema si kitu.
Zulmira alijifungia stoo na magunia, akatoka
macho yamevimba, akasema ni vumbi la mdalasini.
Saa mbili kasoro robo, maduka yote yamefungwa,
ndipo tukapewa bahasha za bonasi
na kila mtu kikombe kilichoandikwa: Sisi ni Familia.
Changu kilivunjika mpini kabla ya mwaka mpya.

Mwaka huu, Novemba, alitukalisha.
Hakuleta keki. Hakuleta mtaalamu wa kutufundisha kupumua.
Alileta kalenda ya bucha na kalamu ya risasi.
"Kila mtu anitajie siku moja," alisema,
"siku ambayo asipokuwa kwake, kwake hapatakuwa kwake."

Tukatazamana. Ulimi wa mfanyakazi
una kufuli ambalo ufunguo wake anao mwajiri;
tulisubiri kusikia kama kweli limefunguka.
Leandro akataja tarehe kumi na tisa: bintiye
atakuwa kondoo wa pili kutoka kushoto, igizo la shule.
Mimi nikataja mkesha, kuanzia saa nane mchana.
Zulmira alitaka asubuhi tatu, si siku moja,
za kumpeleka babake hospitali kusafishwa damu.
Kalamu iliandika. Haikuuliza cheti.

Custódia ndiye aliyetushangaza.
"Mimi usinipe siku. Nipe kazi.
Tangu Januário afe, ile nyumba, Desemba,
ina kimya chenye meno."
Bi Albertina hakumpa pole ya kukariri.
Aliandika: Custódia, tanuri dogo. Redio achague yeye.

Bonasi ilitoka tarehe tano,
viatu vya watoto vikiwa bado dukani.

Tarehe kumi na nne oda zilifika mia tatu.
Mwanawe, Telmo, mwenye simu mbili,
alisema mia tano zinawezekana.
"Zinawezekana kwa mikono ya nani?"
Akachukua chaki, akaandika mlangoni:
ZIMETOSHA.

Wateja walinuna. Daktari wa meno, mteja wa miaka ishirini,
alisema maneno ambayo siyaandiki hapa.
Bi Albertina alimsikiliza mwenyewe,
kaunta katikati yao, aproni imekazwa,
hakutusukumia sisi ile hasira.
Hilo nalo naliweka kwenye hesabu ya mshahara wangu.

Sisemi kazi iligeuka mteremko.
Migongo iliuma vilevile. Trei nzima ilianguka
tarehe ishirini na mbili, nikatukana hadi watakatifu.
Na usiku mmoja nilimwona akipiga hesabu
kwenye karatasi ya siagi, akifuta, akiandika tena,
midomo ikihesabu kile ambacho chaki ilikula.
Sikumuuliza. Labda ningemuuliza.

Mkesha, saa nane, alizima tanuri kubwa.
Miaka kumi na moja, sikuwahi kulisikia likipoa:
tik, tik, kama mtu mzima anayenyoosha vidole.
Nikatoka. Mtaani kulikuwa bado na mwanga.
Nilisimama pale nje, kofia mkononi,
sijui la kufanya nao.